Paka na Mbwa wa Mto Ngong

Kila aliyesomea Kenya anajua insha ya Kiingereza huanzaje. Siku ya mwizi, mvua. Siku ya ajali, mvua. Siku ya harusi iliyoharibika, mvua tena, na mvua yenyewe sharti iwe ile ya "raining cats and dogs", kunyesha paka na mbwa, maana mwanafunzi ameambiwa kwamba msahihishaji akiona nahau huongeza alama. Tangu 1985 mtihani wa KCPE ulipofanywa mara ya kwanza hadi 2023 ulipofanywa kwa mara ya mwisho, vizazi vya watoto wa Turkana, ambako mvua ni mgeni, na vya watoto wa Kericho, ambako mvua ni mwenyeji, vilinyeshewa paka na mbwa walewale kwenye karatasi. Mtihani umekufa. Nahau imerithiwa na mtaala mpya pamoja na madawati.

Katikati ya 2024 nilishika daftari la mtoto wa gredi ya tano katika shule moja ya mabati huko Mukuru kwa Reuben, upande wa mashariki wa Nairobi. Jina la shule nitaliacha. Mtoto alikuwa ameandika, kwa Kiingereza cha kujitahidi, kwamba mvua ilipokatika alikwenda darajani akaona mbwa wawili na paka mmoja wakipita na maji, mbwa mmoja amevimba tumbo kama ngoma. Akamalizia kwa kusema kwamba kweli siku hiyo ilinyesha paka na mbwa. Chini ya sentensi hiyo palikuwa na mstari mwekundu, na pembeni mwalimu ameeleza kwamba huo ni msemo tu, hauhusu wanyama.

Nilimrudishia daftari lake. Lakini lile neno "tu" lilinikaa kichwani, nikaanza kufuatilia paka hao na mbwa hao walitoka wapi.

Wazungu wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 1651 mshairi wa Wales, Henry Vaughan, alitaja mbwa na paka wanaoshuka kama manyunyu. Miaka miwili baadaye ikachapishwa tamthilia ya Richard Brome ambamo mvua ni ya mbwa na vicheche. Utaona kwamba mbwa ndiye aliyetangulia, na kwamba mwenzake alikuwa bado hajulikani ni nani. Mpangilio tunaoukariri leo, paka mbele mbwa nyuma, tunaukuta kwa Jonathan Swift, kasisi mzaliwa wa Dublin, katika kitabu chake cha 1738 cha kuyakejeli mazungumzo ya watu wa nasaba bora. Aliuweka usemi huo kinywani mwa watu wanaosema maneno yaliyochakaa, ishara kwamba hata wakati huo usemi ulikuwa umeshazeeka.

Kuhusu chanzo, kila mtu ana hadithi yake. Wapo wanaotaja mbwa wa Odin, mungu wa dhoruba wa watu wa kaskazini, na paka wa wachawi. Wapo wanaochimbua neno la Kigiriki. Na mwaka 1999 barua pepe moja ilizunguka dunia ikidai kwamba zamani Waingereza waliezeka nyumba kwa nyasi, paka na mbwa wakalala darini kujipasha joto, mvua ikinyesha wanateleza na kuanguka chini. Mtu wa Pwani aliyezaliwa chini ya makuti hahitaji maktaba kuipima hiyo. Atakuuliza swali moja: mbwa alipandaje?

Hadithi ninayoiamini mimi, angalau kwa sehemu, ni ya mitaro. Oktoba 1710, katika jarida la Tatler, Swift huyohuyo alichapisha shairi kuhusu mvua ikilipiga jiji la London. Hakuna malaika wala upinde wa mvua mle. Kuna paka anayeacha kucheza kwa sababu amenusa mvua, kuna watu wanaojibanza madukani wakijifanya wanunuzi, na mwishoni kuna maji. Maji hayo yanateremka kutoka Smithfield, soko la mifugo na machinjio, yakibeba damu, matumbo, mavi, samaki wa kuoza, majani ya mboga, watoto wa mbwa waliokufa maji na mizoga ya paka, yote yakielekea mto Fleet. Swift hakubuni usemi, ulikuwepo tayari. Lakini ametuonyesha jiji ambalo mtu akisema mvua imeleta paka na mbwa, hakuna anayeuliza maana yake. Hawakuanguka kutoka mbinguni. Walikuwa wamelala vichochoroni na kwenye majaa, maji yakawazoa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mtoto na daraja lake.

London haikukaa hivyo milele, ingawa ilichelewa. Fleet ulianza kufunikwa katika miaka ya 1730, na uchafu wa jiji ukaendelea kuishia Thames, watu wakaendelea kunywa humo na kufa kwa kipindupindu. Ilipofika kiangazi cha 1858 joto likapanda, Thames ukanuka hadi ndani ya Bunge lililojengwa ukingoni mwake, mapazia yakalowekwa kwa dawa ili waheshimiwa waweze kupumua. Sheria ya fedha za mabomba ya majitaka ikapita kwa siku 18. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mabomba makuu ya zaidi ya kilomita 130. Kwa karne nzima harufu ilikuwa ya maskini; ilipofika puani mwa wabunge ikawa dharura ya taifa. Bunge letu, kwa bahati yake, halikujengwa kando ya mto Ngong.

Mukuru kwa Reuben imejengwa hapo.

"Mukuru" kwa Kikuyu ni bonde, na neno hilo limetanda kwenye mitaa kadhaa ya mabanda inayopakana na viwanda vya Nairobi: Kayaba, Viwandani, kwa Njenga, kwa Reuben. Reuben, wazee wa mtaa husimulia, alikuwa mzungu aliyeshika ardhi hiyo enzi za ukoloni. Mzungu akaenda, jina likabaki, na leo kwa Reuben ni wadi katika eneobunge la Embakasi Kusini. Upande mmoja viwanda, upande mwingine reli, na chini kabisa mto.

Ili kuelewa mvua ya Mukuru lazima uanze na umbo la Nairobi. Reli ya kutoka Mombasa ilifika hapa mwishoni mwa Mei 1899, mahali Wamaasai walipopaita kwa jina la maji yake baridi. Ilikuwa kinamasi. Wahandisi walipapenda kwa kuwa ni tambarare kabla ya mlima wa kuelekea Bonde la Ufa. Madaktari walipachukia kwa sababu hiyohiyo, kwamba maji hayana pa kwenda. Kisha jiji likagawanywa kwa rangi na, bila kusemwa sana, kwa udongo. Upande wa magharibi kuna miinuko na udongo mwekundu unaokunywa maji; huko wakajenga Wazungu. Mashariki ni tambarare ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kugeuka gundi masika. Huko wakapelekwa Waafrika, kuanzia Muthurwa na Pumwani hadi Kaloleni na Makongeni. Mpango mkuu wa jiji wa 1948 ulikuja kukuta mgawanyo huo umeshakauka kama saruji, ukajenga juu yake.

Maji hayakushauriwa, lakini nayo yanafuata ramani ileile. Yanatoka magharibi kwenda mashariki. Mto Ngong huanza kama Motoine, pande za msitu wa Dagoretti, unapita kando ya Kibra na kuingia Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953. Katika bwawa hilo zamani watu walicheza mashua. Siku hizi limejaa tope na magugumaji, na kazi ya kuyashika maji ya mvua limeiacha. Kutoka hapo mto unapita nyuma ya viwanda ukiokota rangi na mafuta, ndipo unapoingia Mukuru. Kwa hiyo mkaazi wa Mukuru anaweza kulala chini ya nyota na kuamka ndani ya maji, kwa kuwa mvua haikunyesha kwake, ilinyesha Karen, huko magharibi. Lugha za watu wenye mabonde yao zina majina ya mvua kwa kadiri inavyomgusa mkulima: Wakikuyu wana mvua ya njahĩ na mvua ya mwere, majina ya mazao, Waluo wana chwiri na opon, sisi Waswahili tuna masika na vuli, tuna manyunyu na rasharasha, na aliyenyeshewa tunasema amelowa chepechepe. Sijakuta lugha yenye jina la mvua iliyonyesha kwa wengine ikakufuata wewe.

Watu walianza kujenga hapa kwa sababu iliyo wazi: kazi. Kibarua wa kiwandani alihitaji pa kulala ambapo angeweza kutoka kwa miguu saa kumi na moja alfajiri akawa wa kwanza langoni. Serikali ilikuwa imegawa viwanja vingi vya eneo hilo kwa kampuni na watu binafsi kwa masharti ya kujenga viwanda; wengi hawakujenga. Ardhi ikakaa na hati zake kwenye kabati la mtu, na juu yake zikaota nyumba za mabati za futi kumi kwa kumi. Mwenye hati hakuishi pale, mwenye nyumba aghalabu hakuishi pale, aliyeishi pale hakuwa na karatasi yoyote. Katika mpangilio wa namna hiyo, nani achimbe mtaro?

Bila mtaro, kila kitu kinachotupwa huisubiri mvua. Taka za nyumbani zilitupwa mtoni au kwenye majaa ya ukingoni. Vyoo vilikuwa vichache na vya kulipia, na usiku mtu hatoki, hasa mwanamke. Ndipo ikawa mtindo wa kujisaidia kwenye mfuko wa plastiki na kuutupa juu ya paa. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchi nzima Agosti 2017, lakini marufuku haijengi choo. Na wanyama wa mtaani, mbwa wasio na mwenyewe na paka wanaofuata panya, wakifa hufia palepale kwenye jaa. Masika ikifika, mto unapanda unafagia.

Mtaro unaweza kubeba kibaya zaidi ya mzoga. Asubuhi ya 12 Septemba 2011, katika mtaa jirani wa Sinai, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba iliingia mtaroni na kuteremka hadi kwenye nyumba za watu. Wakaja na ndoo. Moto ulipolipuka uliua zaidi ya watu 100, wengine wakiwa wamekimbilia mtoni, na mto nao ukiwaka.

Mvua kubwa za nchi hii zina majina, kama watoto. Ile ya mwishoni mwa 1961, iliyovunja madaraja na kuzamisha mashamba wakati taifa likikaribia kujitawala, wazee waliiita mafuriko ya Uhuru. Ile iliyoanza Oktoba 1997 ikaendelea hadi 1998 ilituletea neno jipya kabisa. El Niño ni Kihispania, ni jina ambalo wavuvi wa Peru waliyapa maji ya joto yajayo karibu na Krismasi, wakimkumbuka Mtoto Yesu. Huku Nairobi likageuka jina la tope, barabara zilizokatika, na miaka ya kuzaliwa watoto. Linganisha na paka na mbwa: usemi mmoja tulifundishwa kwa kiboko na hatuutumii nje ya mtihani, neno jingine hakuna aliyetufundisha, na hata mama wa kuuza sukuma analo. Oktoba 2023 Rais William Ruto alitangaza kwamba wataalamu wamesema El Niño haitakuja tena. Novemba mvua ikafika, ikaua watu na kukata barabara, kana kwamba haikusikiliza taarifa ya habari.

Kisha ikaja masika ya 2024.

Aprili ilinyesha kwa juma zima bila kupumua, na katika juma la mwisho Nairobi ikafunikwa. Mathare, Mukuru, hata kwenye mitaa ya wenye magari, maji yalipanda. Ndani ya nyumba ya mabati mvua ya namna ile ina kelele ambazo haziachi nafasi ya neno. Mwalimu huacha kufundisha, redio huzimwa kwa kuwa haisikiki, watu huzungumza kwa mikono. Mama mmoja wa karibu na mto alinionyesha alama ya maji ukutani kwake, mstari wa kahawia ulionyooka kama umepigwa rula, juu kidogo ya kiuno changu. Alinieleza mpangilio wake: watoto kwanza kwa jirani wa juu, halafu godoro kwenye boriti, halafu mtungi wa gesi, halafu vyeti ndani ya mfuko.

"Na vyombo?" nikamuuliza.

"Vyombo si vinaoshwa," akasema. "Godoro likishalowa yale maji, hata ukilianika mwezi mzima, mwanangu, hulilalii tena."

Nje, vijana walikuwa wakivusha watu kwa mkokoteni na wengine mgongoni, kwa shilingi kadhaa, wao wamevaa gambuti zilizokwisha kujaa maji. Chini ya daraja yalipita masufuria, viatu vya mguu mmoja, kuku, mlango mzima. Na mbwa. Hilo nililiona mwenyewe, wala halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna mwingine aliyegeuza shingo.

Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 200 katika masika hayo; makumi kati yao kwa mpigo mmoja huko Mai Mahiu, alfajiri ya 29 Aprili. Shule zilizokuwa zifunguliwe siku hiyo zikaahirishwa mara mbili, zikafunguliwa 13 Mei. Serikali ikatoa amri kwamba wanaoishi kandokando ya mito waondoke, na matingatinga yakafuata maji Mukuru kwa Reuben. Nyumba iliyonusurika mtoni ilibomolewa kwa sababu ipo karibu na mto. Rais aliwaahidi waliohamishwa shilingi 10,000 kila familia.

Sitatetea ujenzi wa ukingoni. Mto ukidai njia yake hauna mjadala. Lakini hesabu iwe moja. Agosti 2018 lilibomolewa jengo la Ukay Centre huko Westlands, lililokalia njia ya mto kwa miaka mingi likiwa na vibali mkononi. Kwa hiyo tunajua kwamba hata karatasi zilijenga mtoni, si umaskini peke yake. Na maji yaliyoingia kwa yule mama hayakuwa ya Mukuru. Yalikuwa ya paa zote na barabara zote za lami kutoka Dagoretti kushuka.

Kabla ya hapo palikuwa na kazi iliyoanza vizuri. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango: kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, zaidi ya ekari 600 zenye familia zipatazo 100,000. Muungano wa Wanavijiji, ambao ni chama cha wakaazi wenyewe, ulikuwa umehesabu vyoo na mabomba nyumba kwa nyumba kabla ofisi yoyote haijauliza. Vyuo vikuu vikaja, wanasheria wakaja, na badala ya ramani kuchorwa mjini ikaletwa mtaani, watu wakaambiwa waonyeshe maji yanapopita. Baadhi ya barabara zilizochorwa kwenye mpango huo zimewekwa lami, na mitaro kando yake. Ukitembea humo baada ya mvua, viatu vyako vinabaki na rangi yake. Ukikata kona mbili kushuka mtoni unarudi 1710.

Maji yenyewe hayarudi. Kutoka Mukuru mto Ngong unaingia mto Nairobi, mto Nairobi unaingia Athi, Athi unabadilika jina kuwa Galana, kisha Sabaki, na kaskazini ya Malindi unaingia baharini, mwekundu, ukiisukuma rangi hiyo mbali ndani ya bluu. Mvuvi wa Mambrui anayevuta wavu wake wakati wa masika anavuta, pamoja na samaki, chupa za Nairobi. Mizoga huwa imeshakwisha njiani.

Daraja la yule mtoto bado lipo. Nilipita tena mwaka uliofuata, wakati wa vuli, maji yakiwa ya magoti, meusi, na povu la viwandani juu yake. Mwalimu wake sikumkuta. Ningemkuta ningemwomba jambo moja, na kwa kuwa walimu husoma majarida namwomba hapa: mwalimu, mtoto hakukosea nahau. Mpe alama zake.